Nyuzi za Jalada la Nyuma

Mgeni alipouliza swali la tatu kuhusu madaraja, fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani akajifanya anatafuta mkasi.

"Kitabu cha ujenzi wa madaraja," mgeni alirudia kwa upole, kidole kikiwa juu ya karatasi zake. "Umekiazima mara saba, mama. Mara saba katika miaka miwili. Nilitaka kujua tu ulikipendea nini."

"Kilikuwa kizuri."

"Kizuri vipi?"

Mkasi ulikuwa mapajani pake muda wote. Fundi aliushika, akakata uzi ambao haukuhitaji kukatwa. Kwenye ngazi ya baraza mama mkwe wake alikuwa akichambua vifungo kutoka kopo moja kwenda jingine, vikubwa huku, vidogo kule.

"Madaraja yanavusha watu," mama mkwe alisema bila kuinua macho. "Hilo nalo la kuuliza? Kunywa maji, mwanangu. Jua la leo halina adabu."

Mgeni alicheka, akanywa. Alikuwa binti wa chuo kikuu, miwani imemteleza hadi nusu ya pua, mkoba umejaa nakala za madaftari ya maktaba ya mtaa. Alikwisha kueleza kazi yake mara mbili na fundi aliielewa tangu mara ya kwanza. Watu wakitaka kujua zamani watu walisoma nini, alisema, huenda kuwauliza waandishi na walimu. Yeye hauulizi mdomo, anauliza daftari. Nani alikuja, kazi yake nini, alichukua kitabu gani, alikirudisha lini. Alikuwa amesoma madaftari ya miaka kumi na mmoja mstari kwa mstari, na katika kila ukurasa alikutana na kadi ile ile, namba arobaini na moja, fundi cherehani.

"Vitabu elfu mbili na sitini na vinne," alisema, na sauti yake ikawa kama ya mtu aliyeingia mahali pa ibada. "Ufugaji wa nyuki. Mashairi ya mapenzi. Sheria ya mirathi. Riwaya za upelelezi, ndizo nyingi kuliko zote. Mama, mimi nimesomeshwa na maprofesa ambao hawajafika hapo."

Ukutani, juu ya kichwa chake, vyeti vitatu vilining'inia katika fremu zilizotengenezwa na mume wa fundi kwa mkono wake mwenyewe. Msomaji Bora wa Mwaka. Msomaji Bora wa Mwaka. Msomaji Bora wa Mwaka. Fundi hakuvitazama.

"Na hiyo kazi yako utaipeleka wapi?" aliuliza.

Hapo ndipo uso wa mgeni ulipobadilika. Kamati ya majengo ya halmashauri ilikuwa imemwomba awasomee matokeo yake Jumamosi asubuhi, palepale maktaba. Walitaka kile chumba kiwe ofisi ya ushuru wa maegesho. Swali lao lilikuwa moja tu: mtaa huu nani anasoma?

"Na wewe utawajibu nini?"

"Nitawajibu daftari linavyosema." Binti alisukuma miwani juu. "Nyumba sitini na tatu. Msomaji mmoja."

Mama mkwe aliacha kuchambua vifungo.

*

Daftari halikusema uongo, ila halikuwahi kuulizwa vizuri. Kadi ya maktaba ilitaka barua ya mwajiri au hati ya nyumba, na mtaani pale karibu kila mtu alikuwa mpangaji wa chumba na mwajiriwa wa siku. Nyumba ya fundi, vyumba viwili na baraza alivyoviacha baba mkwe, ndiyo iliyokuwa na hati. Kwa hiyo kadi ikawa moja na wasomaji wakawa wengi. Kila Jumatatu fundi alichukua vitabu vinne, akavificha ndani ya nguo zilizokwisha kushonwa, na vikaenda. Suruali ya mwashi ilienda na madaraja, koti la kinyozi likaenda na mashairi. Nyuma ya kadi iliandikwa kwamba haihamishiki, na anayeihamisha atanyang'anywa. Ndiyo maana mtaa mzima ulijua na mtaa mzima ulinyamaza.

Kinyozi alifika adhuhuri, habari ikiwa imeshamfikia, kitabu kimeviringishwa kwenye taulo.

"Fundi, nasikia kuna upelelezi."

"Ni utafiti."

"Tofauti yake nini? Wote wanakuja na karatasi." Alikaa kwenye benchi, akashusha sauti. "Sikiliza, dada yangu. Ukisimama kusema, sema. Lakini mimi usinitaje. Pale kwangu wanakuja wanaume kuzungumza mpira. Wakijua nasoma habari za macho ya mpenzi kama nyota, nitanyoa nani?"

"Mwaka wa nane huu, nimewahi kukutaja?"

"Hapana."

"Basi usinifundishe kazi. Sindano haina mdomo."

Kinyozi alipumua, kisha akachomoa sindano kutoka kwenye mto mdogo wa fundi kama mtu aliye kwake. Akafungua jalada la nyuma la kitabu, pale kitambaa cha jalada kinapokutana na karatasi ya mwisho, akapiga mshono mmoja wa uzi wa kijani, akaukata kwa meno.

"Hiki kilikuwa kitamu," alisema, akaondoka.

*

Mume wa fundi alirudi saa kumi na moja, mikono ina grisi ya mabomba hadi kwenye viwiko. Alikuwa fundi bomba wa kiwanda cha vinywaji na alikuwa na furaha, kwa sababu habari ya mgeni wa chuo kikuu ilimkuta njiani, ikiwa imeshatiwa chumvi.

"Eti profesa mzima amekuja kukuona wewe?" alisema akijimwagia maji uani. "Nimemwambia msimamizi wetu leo hii. Nimemwambia, bosi, wewe una digrii, lakini mke wangu amekupita kwa vitabu elfu mbili. Akakosa la kusema, akaenda kuangalia pampu."

Fundi alimshikia sabuni. Alikuwa amelipanga neno hilo mchana kutwa, kama kitambaa ghali ambacho ukikikosea mkato hakirudi.

"Baba watoto, sikuvisoma."

"Hukuvisoma nini?"

"Vile vitabu. Si vyote. Nilikuwa navichukua, navigawa, navirudisha."

"Kugawa najua. Si nami namsomea mama kila Jumapili? Lakini wewe ulikuwa unavisoma kwanza, halafu unagawa."

"Wewe ndiye uliyesema hivyo. Mimi nilinyamaza tu."

Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye viwiko vyake. Hakujifuta.

"Nilijua herufi nikiwa na miaka thelathini na mmoja," fundi aliendelea. "Unakumbuka darasa la jioni, nabeba mtoto mgongoni, mwalimu ananiambia nikae karibu na mlango ili nitoke akilia. Mimi nasoma kwa kidole. Nikimaliza ukurasa mmoja, jioni imekwisha. Nashona mchana kutwa. Ningevisoma saa ngapi, elfu mbili?"

"Umesoma vingapi?"

"Kumi na tisa."

Mume wake alichukua taulo, akajifuta kidole kimoja kimoja. Alikuwa mwanaume mpole, lakini kulikuwa na watu wengi aliokwisha kuwaambia: msimamizi, walinzi wa getini, shemeji zake wawili, hata daktari wa meno akiwa mdomo wazi.

"Nimewaambia watu," alisema hatimaye.

"Najua."

"Nimetengeneza fremu."

"Najua, mume wangu."

"Ukisema Jumamosi, mimi Jumatatu nitaingiaje getini?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, kutoka ndani, kwani nyumba ya vyumba viwili haina siri. "Utaingia kwa miguu, kama kila siku," alisema. "Na asiposema, huyo binti atasoma kwamba hapa anaishi mtu mmoja mwenye akili na ng'ombe wengine wote. Mimi simo katika ng'ombe."

*

Jumamosi chumba cha maktaba kilijaa. Fundi hakuwahi kukiona hivyo. Siku zote alikuwa akiingia peke yake, akitoka peke yake na kikapu. Watu wa mtaa walisimama nyuma, wamebanana kati ya rafu, wakijifanya wamekuja kutazama tu. Mbele kulikuwa na meza, wanakamati wanne, na mwenyekiti mwenye suti ya kijivu ambayo fundi aliona mara moja kwamba imekatwa vibaya mabegani.

Binti wa chuo alisoma vizuri na kwa huzuni. Alipofika kwenye nyumba sitini na tatu na msomaji mmoja, mwenyekiti aliinua mkono.

"Basi jambo ni rahisi," alisema. "Hatuwezi kumwekea mtu mmoja jengo zima, taa, na mkutubi. Tutampelekea vitabu nyumbani kwa baiskeli, itakuwa nafuu."

Wanakamati walicheka. Nyuma hakucheka mtu. Mkutubi, mzee mwenye sweta lililotoboka viwiko, alikuwa akitazama sakafu.

Fundi alijikuta amesimama. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu.

"Mwenyekiti, huyo mtu mmoja ni mimi, na sikuvisoma."

Mwenyekiti alitazama karatasi, kisha vyeti vitatu. Vilikuwa mezani; mume wa fundi alikuja navyo asubuhi ile chini ya kwapa, bila kumweleza mtu, na kuviweka pale vikitazama chini.

"Hukuvisoma," mwenyekiti alisema. "Sasa ulikuwa unavipeleka wapi? Unauza?"

"Kwa wenyewe."

Alikwenda kwenye rafu. Alijua kila kitabu kilipo kuliko alivyojua yaliyomo. Alichomoa kile cha madaraja, akakiweka mbele ya mwenyekiti na kukifungua kwa nyuma. Pale kwenye kiungo cha jalada kulikuwa na mishono midogo iliyopangwa kama wadudu waliolala: hudhurungi, zambarau, bluu.

"Kila rangi ni mtu," alisema. "Ukimaliza kitabu unapiga mshono wako, ili kisirudishwe kwako mara ya pili. Na mwingine akiona aliyemtangulia, anajua kitabu kinasomeka. Rangi zilipokwisha tulisokota mbili mbili. Tuko arobaini na wawili."

Mkutubi aliinua kichwa. "Miaka yote nilidhani unanirekebishia vitabu," alisema. "Nilikuwa nakushukuru moyoni."

Mwenyekiti hakushukuru. "Umetoboa mali ya umma kwa sindano."

"Kanuni ziko ukutani, mwenyekiti. Usiandike, usikunje, usichane, usile juu ya kitabu. Tulizisoma zote nne. Kushona hakumo."

Safari hii kicheko kilitoka nyuma, na hata mwanakamati mmoja aliangalia pembeni akiuma mdomo. Lakini mwenyekiti hakuwa mjinga. Aligeuza kitabu huku na huku, akafungua na vingine vitatu kutoka rafu ya jirani. "Mtu mwenye uzi na usiku mmoja," alisema, "anaweza kushona wasomaji mia. Nitajie majina."

"Siwezi."

"Kijani ni nani? Naona kijani kila mahali."

Mahali fulani karibu na rafu ya kilimo, kinyozi aligundua kitu cha muhimu sana kwenye kiatu chake.

"Watu waliniamini," fundi alisema. "Kuna asiyetaka mwenye nyumba ajue anasoma sheria ya upangaji. Kuna aliyeanza na vitabu vya watoto akiwa na wajukuu. Siwezi kuwauza ili nibaki na chumba."

"Basi huna ushahidi."

"Anao," alisema binti wa chuo.

Alikuwa amekwisha kupiga magoti kwenye rafu ya chini, vitabu kumi vimemzunguka, miwani iko kwenye ncha ya pua. Aliinuka na kimoja chenye jalada lililofifia. "Hiki hakijaazimwa tangu miaka minane iliyopita, daftari linaonyesha. Kina nyuzi kumi na moja. Tazama karatasi iliyolala juu yake." Alikigeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye karatasi nyeupe, mkabala wa kila mshono, kulikuwa na kivuli cha rangi yake, chekundu hafifu, bluu hafifu. "Rangi imehamia kwenye karatasi. Hiyo haifanyiki kwa usiku mmoja. Na hii yenye fundo ni nini, mama?"

"Penye fundo ni kusomewa. Mmoja anasoma, mwingine anasikiliza."

"Ni mimi," alisema mama mkwe, na watu wakampisha, kwa sababu alikuwa akija mbele wapende wasipende. "Hudhurungi yenye fundo. Sijui herufi hata moja, mwenyekiti, na sioni haya, shule ilipita upande mwingine nikiwa mdogo. Lakini hicho cha madaraja nimesomewa chote na mwanangu. Niulize daraja linavunjwa na nini."

"Mama, hapa si—"

"Niulize."

Mwenyekiti alishusha pumzi. "Linavunjwa na nini?"

"Si mzigo. Mzigo wanaupigia hesabu. Linavunjwa na maji yanayochimba chini ya nguzo, polepole, na juu watu wanapita wanasalimiana."

Mwashi alitoka nyuma, kofia mkononi. Alisema bluu ni yeye, na kwamba mara tano kati ya zile saba kitabu kilikuwa kwake, kwa sababu mtu anayerudi jioni mgongo unamuuma hamalizi sura tatu kwa wiki. Sasa hivi, aliongeza akimtazama msimamizi wake wa ujenzi aliyekuwa pale kwa ajili ya kamati, anaweza kueleza kwa nini ile kalvati ya chini ya barabara ya sokoni imepasuka, akiulizwa. Akaja muuza mkaa, rangi ya chungwa. Wakaja akina mama wawili waliosokota nyekundu na nyeusi kwa kuwa walisoma pamoja. Walifika kumi na mmoja. Wengine walibaki walipokuwa. Wa njano alikuwa safu ya tatu, na fundi alijitahidi asimtazame, ili jicho lake lisije likamtaja.

Kinyozi naye alisogea, akasimama katikati ya njia, masikio yamewiva.

"Kijani," alisema. "Na ndiyo, ni mashairi. Anayetaka kuhama kinyozi ahame."

Mwenyekiti alingoja vicheko viishe. Kisha akamgeukia fundi, na safari hii aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Na wewe? Rangi yako ipi?"

Fundi hakutazama mezani palipolala vyeti. Alimtazama mume wake, aliyesimama mlangoni na mikono yake safi ya Jumamosi.

"Nyeupe. Kumi na tisa kwa miaka kumi na mmoja. Hivyo vyeti si vyangu, ni vya mtaa."

Mume wake alikohoa. "Kumi na tisa," alisema kwa sauti ambayo hakuizoea, akiongea na chumba kizima kana kwamba ndilo geti la Jumatatu. "Kwa kidole. Neno kwa neno, baada ya kazi. Mimi namwona kila siku. Nilikuwa najisifia kitu kisicho kweli, na kilicho kweli kilikuwa mbele yangu."

Kisha akatoka nje kuangalia hali ya hewa.

*

Kamati haikupiga makofi. Ilikaa faragha saa nzima, ikarudi na uamuzi wenye sura mbili. Chumba kitabaki maktaba kwa mwaka mmoja, kisha watahesabu tena. Sharti la hati ya nyumba limeondolewa, kitambulisho kinatosha. Na kadi namba arobaini na moja, kwa kuwa ilihamishwa kinyume cha kanuni, imefutwa. Mwenye kadi aombe upya, apange foleni kama wengine.

Fundi aliikabidhi. Ilikuwa laini kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Binti wa chuo aliomba ruhusa ya kuipiga picha, mbele na nyuma, kisha akaketi chini kati ya rafu na kuanza kuhesabu nyuzi tangu mwanzo. Ripoti yake, alisema, ilikuwa imeharibika yote, na hajawahi kufurahi hivyo.

Jumatatu foleni ilianzia mezani kwa mkutubi ikatoka mlangoni. Fundi alikuwa wa kumi na sita. Nyuma yake muuza mkaa alimwambia mwashi asimsukume, hapa si kwenye zege. Mwashi akamjibu kwamba anayejua kusoma huwa hana haraka. Fundi hakuwa na kikapu. Aliionea haya mikono yake mitupu, hakujua aiweke wapi.

Mkutubi alimwandalia kadi mpya, wino haujakauka.

"Haya, fundi. Vinne vyako viko wapi?"

Aliweka kimoja mezani. Ilikuwa riwaya nene, aliyoipeleka nyumba ishirini na tisa na kuirudisha bila kujua mwanzo wake.

"Kimoja tu?" mkutubi aliuliza. "Kadi inaruhusu vinne."

"Kimoja. Na nitakaa nacho wiki zote mbili, na nitakuja kuomba nyingine mbili."

Mkutubi alimgeuzia daftari na kumpa kalamu. Siku zote alikuwa akimwandikia yeye, kwa haraka, kwa mazoea, namba tu. Fundi aliinama. Akaanza kuandika jina lake, herufi moja, kisha ya pili, akihakikisha kila moja imekaa juu ya mstari, na foleni yote nyuma yake ikanyamaza, ikasubiri.